Tende Mbili, Majani Mawili

Mtu ana njaa. Mbele yake pana sahani yenye tende mbili: ukubwa mmoja, rangi moja, utamu mmoja, na zote ziko umbali ule ule kutoka mkononi mwake. Ameruhusiwa kuchukua moja tu. Atachukua ipi, na kwa nini hiyo? Ukimuuliza mtoto wa chuoni saa ya kufuturu atakucheka: achukue yoyote, magharibi imeshaadhiniwa. Lakini swali hili liliandikwa bila mzaha jijini Baghdad, katika kitabu kilichokamilika mwaka 1095. Aliyeliandika alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya, Abu Hamid al-Ghazali, ambaye jina lake ni maarufu katika darsa za misikiti ya pwani yetu hadi leo.

Ghazali hakuwa na shida na tende. Alikuwa na shida na wanafalsafa, na hasa wale waliomfuata Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037. Hawa walikuwa na hoja iliyowanyima wanateolojia usingizi. Kila kitu kinachoweza kuwepo na kinachoweza pia kutokuwepo, walisema, ni kama mizani ambayo vitanga vyake viwili viko sawa. Ili kitanga cha kuwepo kishuke, sharti kipatikane kitu cha kukilemea. Kulemea huko waliita kwa Kiarabu tarjih, na mwanafunzi wa fiqhi anayesema kauli fulani ndiyo rajihi anatumia neno la ukoo huo huo: kauli iliyolemea. Basi, wakaendelea, mnasema ulimwengu ulianza. Mbona ulianza pale ulipoanza, na si miaka elfu moja kabla? Kabla hakijaumbwa kitu, nyakati zote ni sawasawa. Hakuna saa inayoizidi nyingine kwa lolote. Vitanga viko sawa, na kisicholemewa hakishuki. Kwa hiyo ulimwengu haukuwa na mwanzo, umekuwepo siku zote.

Kwa Muislamu anayeamini uumbaji, hoja hiyo ilikuwa kisu shingoni, na Ghazali alijua kuwa hawezi kuikwepa kwa kutaja aya peke yake. Ndipo akaleta tende. Mtu yule mwenye njaa, alisema, hatakufa akizitazama. Atachukua moja. Tena kazi ya utashi ni hiyo hasa: kukitenga kitu na mwenzake aliye sawa naye. Kama kungekuwa na tofauti kati yao, ujuzi ungetosha kuamua, na utashi usingekuwa na kazi yoyote. Kisha akawageuzia wanafalsafa kibao. Ninyi, aliwaambia, mnafundisha kuwa mbingu ni tufe, na kila nukta ya tufe ni sawa na nyingine. Mbona ncha mbili ambazo mbingu inazunguka juu yake ziko hapo zilipo na si penginepo? Na mbona inazunguka kutoka mashariki kwenda magharibi, na si kinyume chake? Mnadai kila jambo lina cha kulilemea. Nionyesheni basi kilicholemea hapo.

Kizazi kimoja na zaidi baada ya kifo cha Ghazali, Ibn Rushd, kadhi na tabibu aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126, aliandika kitabu kizima cha kumjibu. Kuhusu tende alisema kuwa mfano umewekwa vibaya. Mwenye njaa hachagui tende hii dhidi ya ile. Anachagua kula dhidi ya kukaa na njaa, na hapo vitanga haviko sawa hata kidogo. Tende yoyote itakayoingia mkononi imetimiza haja yake. Ni jibu la kadhi hodari, linalopunguza ukubwa wa kesi mpaka ionekane haipo. Mimi naona kesi bado ipo. Mkono ulikwenda kwa tende ya kulia. Haja ya kula inaeleza kwa nini ulikwenda, haielezi kwa nini kulia.

Mwaka ule ule wa 1095 Ghazali mwenyewe aliwekwa mbele ya tende mbili. Anasimulia katika kitabu chake cha maisha kwamba, kuanzia mwezi wa Rajabu, alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku: abaki Baghdad na cheo na mamia ya wanafunzi wake, au aache vyote aende kutafuta utulivu wa roho. Leo anapania kuondoka, kesho anaghairi. Mwishowe ulimi ulimkauka akashindwa kufundisha, chakula kikakataa kushuka, na matabibu wakasema ugonjwa umetoka moyoni. Mtu aliyeandika kuwa utashi hauhitaji kulemewa alisimama nusu mwaka akingoja alemewe. Mwezi wa Novemba aliondoka, akiwaambia watu anakwenda Makka ilhali nia yake ilikuwa Sham.

Swali lenyewe ni kongwe kuliko Baghdad. Katika mji wa Mileto, kwenye pwani ya nchi tunayoiita leo Uturuki, karne ya sita kabla ya Kristo, Anaximander aliulizwa nini kinachoishikilia dunia isianguke. Wengine walisema inaelea juu ya maji. Aristotle anatuarifu kuwa Anaximander alisema haishikiliwi na kitu: iko katikati kabisa, umbali sawa kutoka pande zote, kwa hiyo haina sababu ya kwenda upande huu kuliko ule, na kwa kukosa sababu inatulia. Ni hoja ya ajabu. Bila kupima wala kuona chochote, mtu amejua jambo kuhusu dunia nzima kwa kukataa tu kuwa kitu kinaweza kutokea hivihivi. Archimedes naye alijenga elimu ya mizani juu ya jambo lilo hilo, kwamba uzani sawa kwenye umbali sawa hautikisiki. Aristotle, kwa upande wake, aliicheka hoja ya Anaximander. Alisema inafanana na habari ya mtu mwenye njaa na kiu kwa kiasi kimoja, aliyewekwa katikati ya chakula na maji, asiyeweza kwenda popote. Huko Ulaya mtu huyo baadaye aligeuka kuwa punda katikati ya marobota mawili ya majani makavu, na punda akapewa jina la Jean Buridan, mwalimu wa Paris wa karne ya 14. Maskini Buridan! Katika maandishi yake yote punda huyo hayumo.

Ajabu ni kwamba kanuni iliyosababisha yote haya, kwamba hakuna kinachotokea bila sababu, ilikaa zaidi ya miaka elfu mbili bila jina. Jina ilipewa na Gottfried Wilhelm Leibniz, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1646. Baba yake, profesa wa maadili, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, akamwachia maktaba. Leibniz aliishi kama mtu mwenye kazi kumi: mwanasheria, mjumbe wa watawala, mkutubi, mtengenezaji wa mashine ya kuhesabu aliyoionyesha London mwaka 1673, na mgunduzi wa kalkulasi, jambo lililomletea ugomvi na Isaac Newton usiokwisha. Alijaribu kutumia upepo kukausha maji katika migodi ya fedha ya milima ya Harz, akashindwa. Aliagizwa kuandika historia ya ukoo wa watawala wa Hanover. Alipofariki alikuwa amefika mwaka 1005, na mwajiri wake alikuwa amechoka kungoja.

Jina alilolichagua ni sababu ya kutosha, na uzito uko kwenye neno kutosha. Dereva wa daladala aliyechelewa akikuambia foleni, amekupa sababu. Haijatosha, maana bado unaweza kuuliza mbona foleni leo na si jana. Sababu ya kutosha ni ile inayoeleza kwa nini jambo limekuwa, tena limekuwa hivi na si vinginevyo, kiasi kwamba swali limekwisha. Kiswahili kina bahati hapa. Tunalo neno kwa nini, na tunalo neno mbona. Anayeuliza kwa nini umekuja anataka habari. Anayeuliza mbona umekuja alitarajia kitanga kingine kishuke. Leibniz aliuliza mbona kwa kila kitu.

Na hakukubali umilele kuwa jibu. Mwaka 1697 alitoa mfano wa kitabu cha jiometri kilichonakiliwa kutoka nakala ya kabla yake, na hiyo kutoka ya kabla yake, bila kikomo. Kila nakala inaelezwa na iliyotangulia. Lakini hata ukirudi nyuma milele hutajua kamwe kwa nini kuna kitabu hicho, na kwa nini kimeandikwa hayo yaliyomo. Vivyo hivyo, alisema, kwa ulimwengu: hata kama hauna mwanzo, sababu yake ya kutosha lazima itafutwe nje ya mlolongo. Mtu anaweza kudhani kuwa akiondoa mwanzo ameondoa swali. Leibniz aliwaonyesha watu wa zama zake kuwa swali linabaki limekaa pale pale.

Sasa twende bustanini. Karibu na mji wa Hanover kulikuwa na kasri la kiangazi la Herrenhausen, na bustani yake kubwa ilikuwa fahari ya Sophie, mke na baadaye mjane wa mtawala, mwanamke msomi aliyependa kutembea vijiani akibishana. Siku moja Leibniz alisema mbele yake kuwa hakuna majani mawili ya mti yaliyo sawa kabisa. Bwana mmoja wa kasri, mtu mwerevu, akasema hilo haliwezekani, majani ni mengi mno. Sophie akamwambia: nenda ukatafute. Yule bwana alizunguka bustani muda mrefu, akichuma, akilinganisha, akitupa. Hakupata. Leibniz alipoisimulia hadithi hii baadaye aliongeza kuwa hata matone mawili ya maji, au ya maziwa, yakitazamwa kwa hadubini yataonyesha tofauti. Hadubini hakuisikia kwa watu tu. Mwaka 1676, akirudi kutoka Paris na London, alipita Delft akaonana na Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa akitazama vijidudu ndani ya maji.

Kichekesho cha bustanini kilikuwa na meno. Chukulia, alisema Leibniz, kuwa majani mawili yangekuwa sawa kwa kila kitu, ndani na nje. Mungu angekuwa na sababu gani ya kuweka hili kwenye tawi hili na lile kwenye tawi lile, badala ya kuyabadilishana? Hakuna. Na Mungu hafanyi jambo bila sababu. Kwa hiyo majani hayo hayapo. Vitu viwili vya aina hiyo ni kitu kimoja kilichopewa majina mawili. Ona alivyolivuka tatizo la Ghazali. Tende mbili zilizo sawa haziko sokoni wala mbinguni. Hata punda alimkomboa kwa njia hiyo: huwezi, aliandika mwaka 1710, kuukata ulimwengu wote katikati kwa mstari upitao mwilini mwa punda, ukapata nusu mbili zilizo sawa, daima kuna kitu, ndani ya punda au mbali naye, kitakachomsukuma kidogo upande mmoja.

Sophie alifariki katika bustani ile ile mwezi Juni 1714, akiwa na umri wa miaka 83, alipokuwa akikimbia mvua. Wiki chache baadaye malkia wa Uingereza naye alifariki, na mwana wa Sophie akawa Mfalme George wa Kwanza. Kasri zima likahamia London. Leibniz akaambiwa abaki amalize historia ya ukoo.

Aliyebaki kuwa rafiki yake huko London alikuwa Caroline wa Ansbach, mke wa mrithi wa kiti. Mwaka 1715 Leibniz alimwandikia akilalamika kuwa dini inazidi kudhoofika Uingereza, na lawama akaielekeza kwa mawazo ya Newton. Caroline aliipeleka barua kwa Samuel Clarke, kasisi wa London, rafiki wa Newton na mtu aliyekitafsiri kitabu chake cha nuru kwa Kilatini. Clarke akajibu. Leibniz akajibu jibu. Barua tano zilitoka Hanover, tano London, zote zikipitia mikononi mwa Caroline, zikizidi kurefuka na kukosa adabu kadiri zilivyoendelea. Ya tano ya Leibniz ilikuwa na vifungu 130.

Clarke alikubali kanuni kwa mdomo. Naam, hakuna kitu bila sababu ya kutosha. Lakini mara nyingine sababu hiyo ni utashi wa Mungu mtupu. Chembe tatu za maada zilizo sawa zinapopangwa moja hapa, nyingine pale, badala ya mpango wa kinyume, hakuna sababu nyingine ila kwamba Mungu alitaka. Ukimnyima Mungu uwezo huo, umemfanya awe mizani, kitu kinachosukumwa. Yaani ni Ghazali tena, akiwa amevaa kanzu ya kikasisi, miaka 620 baadaye. Na kama Ghazali, Clarke alikuwa na mkuki wa pili: Mungu angeweza kuuweka ulimwengu wote mahali pengine katika nafasi tupu, au kuuanza mapema zaidi.

Hapo ndipo Leibniz alipotoa jibu la aina nyingine. Wapi ni mahali pengine? Lini ni mapema zaidi? Nafasi si chungu kilichowekwa kwanza kikisubiri vitu. Ni mpangilio wa vitu vyenyewe, huyu kuwa karibu na yule. Wakati ni mfuatano wa matukio. Ukiuhamisha ulimwengu wote mzima kwenda mashariki, hujahamisha kitu, kwa kuwa hakuna kilichobaki nyuma cha kupimia. Ukiuanzisha miaka elfu mapema huku matukio yote yakifuatana vile vile, hujabadilisha neno. Swali la mbona si kabla, lililowafanya wafuasi wa Ibn Sina waukane mwanzo na likamlazimisha Ghazali akimbilie utashi, halikuwa swali. Lilidhani kuna saa tupu zilizopangwa foleni kabla ya tukio la kwanza.

Nilipoisoma hoja hii mara ya kwanza nilifikiria mapacha wa kwetu, Kulwa na Doto. Ukoo mzima unaweza kushindwa kuwatofautisha kwa sura, lakini majina yanabeba tofauti moja isiyofutika: nani alitangulia. Leibniz asingeridhika. Angesema kutangulia peke yake hakutoshi, na kwamba lazima ndani ya Kulwa kuna kitu kilichomfanya awe wa kutangulia. Angeomba hadubini.

Kuhusu mizani, ambayo Clarke aliitumia kama tusi, Leibniz alijibu kuwa nia haziikalii akili kutoka nje kama mawe yanavyokaa kwenye kitanga. Nia ni hali ya akili yenyewe. Akili inajielekeza kwa sababu zake. Zinauelekeza utashi bila kuulazimisha. Jambo hili lilimgusa kuliko mengine, kwani mwaka 1676 huko The Hague alizungumza na Baruch Spinoza, aliyeifuata kanuni hii hadi mwisho wa njia na kufika mahali ambapo hakuna kitu kingeweza kuwa tofauti na kilivyo, hata Mungu hana la kuchagua. Leibniz alitumia maisha yake yaliyobaki akijaribu kuendesha gari lile lile bila kufika kituo kile. Mimi sina hakika alifaulu.

Clarke alituma barua yake ya tano mwishoni mwa Oktoba 1716. Tarehe 14 Novemba Leibniz alifariki Hanover kwa ugonjwa wa jongo na maumivu ya tumbo, akiwa na miaka 70. Watu wa kasri hawakuja kumzika. Mwaka uliofuata Clarke alizichapisha barua zote kumi, na ya mwisho ikawa yake.

Mwanafunzi mkubwa wa fikra hizi alikuwa Christian Wolff, profesa wa Halle katika Prussia, aliyeiweka kanuni kwenye vitabu vya kufundishia na hata kujaribu kuithibitisha: kama kitu kingekuwepo bila sababu, basi utupu ndio ungekuwa sababu yake, na utupu hauwezi kusababisha kitu. Maadui wake wa dini walitafuta njia ya kumfikia Mfalme Frederick William wa Kwanza, mpenda jeshi ambaye udhaifu wake ulikuwa kukusanya askari warefu kupita kiasi. Inasimuliwa kuwa walimwambia hivi: Mtukufu, profesa huyu anafundisha kuwa kila jambo lina sababu iliyolitangulia. Askari wako akitoroka kambini, atasema alikuwa na sababu ya kutosha, na hutaweza kumwadhibu. Falsafa hiyo mfalme aliielewa mara moja. Mwezi Novemba 1723 Wolff aliamriwa aondoke nchini ndani ya saa 48, la sivyo anyongwe. Aliondoka. Alirudi Halle mwaka 1740, mfalme akiwa amefariki na mwanawe akiwa amekalia kiti.

Mwaka huo huo wa 1740, huko Ufaransa, Émilie du Châtelet alichapisha kitabu cha fizikia alichokianza kwa ajili ya kumfundisha mwanawe. Alifanya jambo ambalo wanaume wa pande zote mbili walikuwa na kiburi mno kulifanya: alichukua fizikia ya Newton akaiweka juu ya msingi wa Leibniz. Bila kanuni hii, alieleza, hata chumba chako hukijui. Umekifunga kwa ufunguo, hakuna aliyeingia, na unasema vitu viko kama ulivyoviacha. Unajuaje, ikiwa vitu vinaweza kubadilika bila sababu? Aliishi miaka mingi na Voltaire, na hapo ndani ya nyumba moja kanuni ilikuwa na mtetezi na mdhihaki. Du Châtelet alifariki Septemba 1749, siku chache baada ya kujifungua, akiwa amemaliza kutafsiri kitabu kikuu cha Newton kwa Kifaransa. Tafsiri hiyo ilitoka kamili mwaka 1759. Mwaka huo huo Voltaire alitoa Candide, kitabu cha kumcheka kila anayesema kuwa ulimwengu huu, pamoja na tetemeko la Lisbon la 1755, ndio bora kuliko yote iliyowezekana. Wazo hilo la ubora Leibniz alilipata kutoka kwenye kanuni hii hii: Mungu akichagua ulimwengu mmoja kati ya mingi, lazima awe na sababu, na sababu gani nyingine itosheleze ila ubora?

Walioidhuru kanuni kweli hawakucheka. David Hume, Mskochi, alionyesha mwaka 1739 kuwa uthibitisho wa aina ya Wolff unajizunguka: anayesema kitu kimeanza bila sababu hasemi kuwa utupu umekisababisha, anasema hakuna kilichokisababisha. Immanuel Kant, mwaka 1781, aliiachia kanuni itawale mambo tunayoweza kuyaona na kuyapima, akaipiga marufuku kuvuka mpaka huo kwenda kumtafuta Mungu. Arthur Schopenhauer aliandika tasnifu yake juu yake mwaka 1813, akisema mizizi yake ni minne, maana mbona ya tukio si mbona ya hesabu, wala ya hukumu, wala ya tendo la mtu. Inasimuliwa kuwa mama yake, mwandishi wa riwaya, alipoliona neno mizizi kwenye jalada alidhani ni kitabu cha wauza dawa.

Kisha tende zikarudi, safari hii maabarani.

Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dhaka mwenye miaka 30, alimtumia Albert Einstein makala fupi kuhusu nuru. Ndani yake kulikuwa na namna mpya ya kuhesabu. Rusha sarafu mbili. Kwa kawaida tunahesabu matokeo manne: zote kichwa, zote mgongo, ya kwanza kichwa na ya pili mgongo, na kinyume chake. Chembe za nuru, kwa hesabu inayotokana na Bose, zina matokeo matatu tu, kwa kuwa kubadilishana kwa zile mbili si tukio jipya. Einstein aliitafsiri makala hiyo kwa Kijerumani na kuipeleka ichapishwe. Leibniz angesimama kitini: ndivyo alivyomwambia Clarke, kwamba kubadilisha vitu vilivyo sawa ni kutobadilisha chochote. Halafu angekaa chini taratibu, kwa maana chembe hizo zipo, ni nyingi kuliko majani ya bustani zote, na hakuna hadubini itakayoonyesha tofauti kati ya moja na nyingine.

Pigo la pili lilikuwa limeanza kabla. Radiamu iligunduliwa Paris mwaka 1898 na Marie na Pierre Curie. Atomu zake huvunjika zenyewe, na ukiwa na kundi kubwa unajua hasa kwamba nusu itakuwa imevunjika baada ya miaka 1,600 hivi. Lakini atomu moja moja haina umri. Iliyodumu miaka elfu haijachoka kuliko iliyozaliwa asubuhi hii. Uwezekano wake wa kuvunjika kesho ni ule ule. Atomu mbili zilizo sawa kwa kila kipimo, moja inakwenda leo, nyingine inabaki. Mwaka 1926 Max Born alipendekeza kuwa fizikia mpya ya kwanta inatoa uwezekano tu, na Desemba mwaka huo Einstein akamwandikia kuwa haamini Mungu anacheza dadu. Lilikuwa jibu la mtu wa Hanover: tofauti ipo, hatujaiona.

Kwa muda ilionekana kuwa ubishi huo ni wa imani. Mwaka 1964 John Bell, mwanafizikia wa Belfast aliyefanya kazi Geneva, alionyesha kuwa unaweza kupimwa. Ikiwa kila chembe imebeba sababu yake ndani yake, bila kuguswa papo hapo na jambo la mbali, basi vipimo vya jozi za chembe haviwezi kuzidi kiwango fulani. John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger, kila mmoja kwa wakati wake, walipima, na kiwango kilizidiwa. Mwaka 2022 walipewa Tuzo ya Nobel. Sababu za siri za aina hiyo, zilizofichwa ndani kama kokwa ya tende, hazipo. Wapo wanafizikia ambao bado wanazitafuta za aina nyingine, zinazounganisha vitu vilivyo mbali bila kupitia katikati.

Tuseme siku Ghazali alipotoka Baghdad mtu alifungia gramu moja ya radiamu ndani ya sanduku la risasi. Katika sekunde ya kwanza atomu bilioni 37 zingevunjika. Leo, baada ya miaka zaidi ya 900, theluthi mbili ya gramu ile ingekuwa ingali kama ilivyokuwa. Chukua mbili kati ya atomu hizo, zilizolala ubavu kwa ubavu alipokuwa akipita langoni. Moja ilikwenda kabla hajafika nje ya mji. Nyingine bado iko sandukuni.